Mapacha wa Wifi Philomena

Dawa za presha zilikuwa zinamwangusha wifi yangu Philomena. Mara mbili alianguka jikoni, na ya pili akagonga paji la uso kwenye figa. Nikasema hapana, ya tatu tutamzika. Tukapanda bodaboda kutoka Titye, vikongwe wawili mishikaki, hadi hospitali Kasulu, daktari ambadilishie.

Chumbani tulimkuta Daktari Abdalah, kijana wa Tanga, na pembeni yake msomi mmoja, Makarius, ananukia manukato mpaka nikapiga chafya. Akatuambia anatafiti namna daktari na mgonjwa wanavyozungumza. Ana nadharia yake: mgonjwa akiitikia, basi wameelewana. Kila kuitikia anachora kijiti kwenye fomu.

"Bibi, dawa unameza?" daktari akauliza, macho kwenye faili.

"Ego," wifi akajibu. Ndiyo ya Kiha hiyo.

"Zinakufaa?"

"Ego."

"Basi hakuna shida?"

"Ego."

Nikamfinya. Wapi! Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikaa kwenye kiti habishiwi, hata akisema mvua inanyesha ndani ya chungu. Unaitikia, unangoja akupe nafasi ya kusema lako. Nafasi haikuja. Vilikuja vijiti, kumi na kimoja, na Makarius anatabasamu kama bwana harusi.

"Mawasiliano mazuri sana haya," akasema. Daktari tayari anaandika dawa zilezile.

Nilitaka kutema mate. Ukutani wameandika usiteme mate. Nikayameza, machungu.

"Daktari, mwanangu," nikasema, "hebu muulize kama ana mimba ya mapacha."

"Bibi, acha utani."

"Muulize tu. Ana miaka sabini na minne, haoni haya."

Akauliza huku anacheka. Wifi akainamisha kichwa. "Ego."

Makarius akachora kijiti cha kumi na mbili.

Daktari kicheko kikamkauka. Akaweka kalamu chini, akavuta kiti karibu na wifi, akanyamaza. Akanyamaza kweli, mpaka wifi akafungua kilemba mwenyewe, akamwonyesha kidonda.

"Nikizimeza, nyumba inazunguka," akasema.

Akapimwa presha ameketi, akapimwa amesimama. Dawa zikabadilishwa.

Makarius akawa anageuza fomu huku na huku. "Hapa daktari aliponyamaza, nijaze wapi? Nadharia haina nafasi ya kimya."

"Jaza kwa wale mapacha," nikamwambia, nikatoka nje kutema mate mapya.