Nyuzi Saba Kwenye Kila Kioo

Napiga magoti kando ya kompyuta, nasali, Bwana, leo baridi inang'ata, nikisinzia uniamshe, na kabla sijafika kwenye amina kichwa changu kinatua mezani. Nje, juu ya mlingoti, kipo kituo changu kidogo cha hali ya hewa, na vikombe vyake vitatu vya kupimia upepo. Kinatuma vipimo kwa mawimbi ya redio, kila kipimo na namba ya kituo, nami navidaka kwa kidude kilichochomekwa kwenye kompyuta, kwa programu niliyojifunza kuiandika katika masomo ya jioni, na mvi zangu hizi. Ulikuwa mchezo wangu tu. Sasa mdogo wangu Edina analala kwa kuutegemea, maana miche yake ya parachichi, kazi ya mwaka mzima, ikipigwa usiku mmoja na sakitu, umande ulioganda, inaungua yote, na kuifunika kila jioni kunavunja vichipukizi. Tumepatana kwamba joto likishuka hadi nyuzi mbili kompyuta ipige kengele, tutoke na turubai. Jioni nimesoma nyuzi saba, nimepanda kubadilisha betri za kituo, nimerudi nikaikuta saba palepale, nikamwambia, lala, mdogo wangu. Meza inakuwa mlango. Napita. Niko kwenye barabara isiyo na mwisho, inazunguka kilima na kujirudia, na pande zote mbili nyumba ni za vioo, na kila kioo kimeandikwa saba. Natembea, natoka mjini, naingia mji uleule, saba, saba. Mtu ananitangulia na taa. Namwita, kaka, njia hii inakwenda wapi? Anageuka, na mahali pa uso pana weupe mtupu kama sahani. Nani, ananiuliza, anabisha nyumbani kwao na kuambiwa hatumjui? Mimi mafumbo siyawezi, namwambia, natafuta miche ya Edina. Ndiyo hiyohiyo njia, anasema, na taa yake inazimika. Miche imesimama kwa safu kama waumini wanaosubiri kibwagizo, na Edina yuko katikati yao na turubai begani. Dada, tufunike? Kioo kinasema saba. Mbona vidole vyangu sivisikii? anauliza. Kioo kinasema saba, nasema tena, kwa sauti ya darasani. Edina anacheka. Haya, msomi wetu wa jioni! Siku hizi hata baridi lazima ipite kwako kwanza ndiyo iwe baridi. Anacheka na pumzi yake inageuka unga mweupe, inaangukia majani, na majani yanainama.

Nataka kukimbia kwake lakini niko chumbani, nimekuwa mlinzi wa mlango, na mlango unabishwa. Nafungua kidogo. Amesimama mmoja mrefu, mwembamba, kichwani ana vikombe vitatu vinavyozunguka na upepo. Mama, nina habari. Namba yako? Anaitaja, siijui. Si wangu wewe, nasema, mwalimu Lwidiko wa masomo ya jioni alitufundisha, shika namba ya kituo chako, nyingine tupa, ni za majirani. Mimi ni wa uani kwako, mama. Wa uani kwangu namjua. Nafunga. Anabisha. Nne, ananong'ona kwenye tundu la ufunguo. Nafunga macho, najiona mwanafunzi mwema. Anabisha. Tatu. Natazama mkononi, nimeshika kengele, na ulimi wake umefungwa kitambaa, na fundo ni langu, najua ninavyofunga. Anabisha. Mbili. Yule asiye na uso amesimama nyuma yangu, baridi yake iko shingoni mwangu, anauliza, nani anabisha nyumbani kwao na kuambiwa hatumjui? Nashikilia mlango. We mgeni, nauliza, jana namba yako ilikuwa ipi? Anaitaja. Ni yenyewe. Nani kakubadilisha? Wewe, mama. Ulinitoa betri. Kituo cha aina yangu kikikata pumzi, kikipumua tena kina namba mpya, mwalimu alisema hivyo wakati mnafunga mikoba. Moja, mama. Nafungua fundo kwa meno.

Naamka, au naona kama nimeamka. Saba ipo kwenye kioo cha kompyuta, haitikisiki. Siigusi. Nakimbilia kwa Edina, nagonga. Kengele imelia? anauliza kutoka kitandani. Haijalia. Sasa? Ile saba ni ya jioni, kituo kimebadilika namba, kinaita na mimi nakifukuza. Umejuaje? Nimeota. Kitanda kinalia. Ungesema ni kompyuta, ningebisha, anasema, shika turubai. Tunatoka. Amejitanda shuka kichwa kizima kwa baridi, namtafuta uso simwoni, na safu za miche zinakwenda gizani mbali kuliko ninavyozikumbuka. Nyasi zinavunjika chini ya miguu kama karatasi kavu. Nainama, nashika jani. Bado laini. Vuta upande wako, dada, inasema sauti ndani ya shuka, na mimi navuta, nakumbuka sala yangu haijaisha. Bwana, kama bado naota, usiniamshe kabla hatujafika mwisho wa kitalu. Amina.