Siku Babu Alipokaa Koridoni

Ijulikane kwa watu wote, wa karibu na wa mbali, walio macho na waliosinzia, kwamba kuanzia Jumamosi ile saa tatu asubuhi nyumba ya Babu ilikuwa chini ya ulinzi wa Mkaguzi Mkuu wa Usalama, mwenye mamlaka kamili ya kuingia chumba chochote, kuinua mkeka wowote na kumhoji mtu yeyote bila kujali mvi zake. Mkaguzi Mkuu alikuwa na miaka kumi na sita. Alivaa ndala za rangi mbili tofauti, na hatua yake ya kwanza ya kiusalama ilikuwa kuondoa biskuti zote kabatini, kwa hoja kwamba kabati liko juu mno na mzee angeweza kuanguka akizifuata. Biskuti hizo hazikuonekana tena.

Shuleni walimwita Kengele. Muhula uliopita aligonga kengele ya kuamka saa mbili kabla ya wakati wake, bweni zima likaoga maji ya baridi, likapiga mswaki na kupanga mstari, ndipo matroni akatoka amejifunga blanketi akauliza amekufa nani. Binti huyu alipewa adhabu ya kufyeka majani wiki mbili, na jina likamfuata mpaka nyumbani likizo ilipofika.

Mamlaka ya ukaguzi alikabidhiwa na Shangazi, binti mkubwa wa Babu, muuguzi aliyekuwa akiishi na baba yake. Halikuwa jambo la mchezo. Miezi miwili nyuma Babu aliteleza bafuni, goti likavimba kama papai. Mfupa ulinusurika, lakini Baba Mdogo, kitinda mimba wa Babu, alikuja siku ileile akatoa hukumu: akianguka mara ya pili, anahamia kwangu, na nyumba hii inafungwa. Babu aliinua macho akalitazama paa. Nyumba hii aliiezeka kwa mikono yake, msumari kwa msumari, na kila mtu alijua kwamba kumtoa humo ni kumng'oa jino zima lisilouma.

"Baba Mdogo anakuja leo saa kumi kutazama," Shangazi alisema, akimpa Kengele karatasi ya maelekezo kutoka hospitali. "Nataka akute nyumba ambayo mtu hawezi kuanguka hata akilipwa."

"Akilipwa kiasi gani, Shangazi?"

"Toka mbele yangu."

Kengele alimkuta Babu kwenye kiti chake sebuleni, akajikohoza kama hakimu.

"Shikamoo, mtuhumiwa."

"Marahaba, afande. Nimeiba nini leo?"

"Mkeka huu umejikunja pembe. Una utetezi gani?"

"Mkeka huo ulikuwepo kabla baba yako hajazaliwa. Uhoji wenyewe."

Mkeka ukakamatwa ukapelekwa stoo. Waya wa redio uliokatiza mlangoni ukahamishiwa nyuma ya kabati. Taa ya korido iliyoungua ikabadilishwa. Kigoda cha miguu mitatu ambacho Babu alikipanda kila alipotaka sufuria la juu kilisomewa mashtaka saba, na sufuria likateremshwa likae linapofikika. Babu alifuata nyuma ya mjukuu wake akiwatetea watuhumiwa wote, na akashindwa kesi zote kwa raha kubwa.

Walipofika mlango wa bafu, aliacha utani.

"Hapa ndipo," alisema.

Kengele alitazama sakafu. Ilikuwa sakafu tu, yenye ndoo, beseni na sabuni. Ukutani kulikuwa na bomba jipya la chuma la kushikia, ambalo Babu alilifunga mwenyewe wiki iliyopita.

"Babu, nikuulize bila kukukosea adabu?"

"Kwani adabu umeanza lini?"

"Ulikuwa fundi wa kuezeka miaka arobaini na moja. Ukapanda makanisa, misikiti, maghala. Hukuanguka hata mara moja. Halafu ukaja kuangushwa na bafu?"

Babu alicheka kidogo, kisha akavua viatu, akaingia pekupeku huku mkono mmoja ukilishika bomba.

"Paa nililiogopa kila siku niliyolipanda. Bafu sikuwahi kuliogopa. Ndiyo tofauti, bibie. Njoo, tazama miguu yangu, usitazame uso."

Kengele alitazama. Alikuwa ameishi na miguu ile likizo zote za maisha yake na hakuwahi kuiona. Vidole vilikuwa vipana, vimeachana, kila kimoja kikiishi kivyake. Mguu wa kulia ulitangulia, ukagusa sakafu kwa ncha, ukasita, ukageuka kidogo kama sikio linalotafuta sauti, ndipo uzito ukafuata, polepole, wote kwa pamoja.

"Bati halikanyagwi popote unapotaka," Babu alisema. "Unafuata mstari wa misumari, maana chini ya misumari ndipo ubao ulipo. Kwingine kote ni hewa iliyofunikwa. Mgeni anaona paa. Fundi anaona njia nyembamba na hewa nyingi. Sasa hapa bafuni, misumari iko wapi?"

"Babu, hapa hakuna misumari."

"Bomba hili ni msumari. Kizingiti ni msumari. Hapo penye sabuni ni hewa. Ile siku nilikanyaga hewa kwa sababu nilikuwa nawaza chai."

"Na ukishakanyaga hewa?"

"Ukiteleza, mwili unataka kusimama. Unarusha mikono, unadaka mawingu. Hapo ndipo mtu anavunjika. Mguu ukikukana, usibishane nao. Wahi chini kabla chini hakujakuwahi."

Akaonyesha. Akiwa amelishika bomba, mzee wa miaka sabini na minane akajikunja magoti, nyonga, mgongo, kwa mpango, akaketi juu ya beseni lililogeuzwa bila beseni kutoa sauti. Kisha akainuka njia ileile. Kengele, ambaye walimu watano walishindwa kumnyamazisha, akachuchumaa akalifunua beseni kuona kama kuna ujanja chini yake. Alihisi kama mtu aliyeishi miaka yote jirani na mlima akidhani ni kichuguu.

Laiti ukaguzi ungeishia pale.

Saa saba simu ya Shangazi ililia jikoni. Alikuwa anakatakata vitunguu, akaiweka mezani kwa sauti ya juu, na Kengele akasikia yote.

"Dada, mwambie mzee aanze kupanga nguo zake," ilisema sauti ya Baba Mdogo. "Chumba nimeshapaka rangi. Asipoanguka leo, ataanguka kesho. Mimi nakuja kukamilisha tu."

"Njoo kwanza uone nyumba ilivyo."

"Nyumba naijua. Wazee ni kama mayai, Dada. Huwezi kuliachia yai lijilinde."

Yai! Damu ilimpanda Kengele. Akalitafakari jambo kwa uzito unaostahili ofisi yake, na kama ilivyo kawaida ya viongozi wakuu wakikasirika, akaamua upuuzi.

Baba Mdogo alikuwa na desturi moja. Kila alipoingia nyumba ile, kabla hata salamu hazijapoa, alikwenda kwenye kioo cha koridoni kujitazama ndevu. Alivaa viatu vya ngozi vyenye soli laini kama ulimi. Na Kengele alikuwa na ujuzi mmoja ambao shule ya bweni humpa kila mtoto, hata asiyeshika hesabu: kusugua sakafu ya saruji nyekundu kwa polishi mpaka matroni ajione uso. Bwenini walikuwa wakiirudia mara tatu sehemu ya mlangoni, kwa heshima ya kiranja. Kiranja aliwahi kuingia amesimama wima akafika kitandani kwake ameketi.

Kwa hiyo Mkaguzi Mkuu, aliyekuwa ametumia asubuhi nzima kung'oa mitego ya nyumba ile, alipiga magoti mbele ya kioo akatega mmoja. Kipande kama upana wa meza. Polishi nyekundu, kitambaa kikavu, polishi tena, kitambaa tena. Hesabu zake zilikuwa safi: Shangazi yuko jikoni, na Babu saa kumi huwa barazani, hapiti koridoni kamwe. Baba Mdogo ateleze kidogo, akae chini kidogo, ajue kwamba hata wasio wazee huanguka. Huo ndio uliokuwa mhadhara. Kengele aliuona mzuri sana.

Hesabu hizo zilimsahau mtu mmoja tu, naye ni baba anayetembelewa na mwanawe.

Baba Mdogo alifika saa kumi kasoro. Kwa mara ya kwanza katika historia hakwenda kwenye kioo. Alikaa sebuleni na funguo za gari mkononi, akitazama mahali mkeka ulipokuwa. Shangazi, aliyetoka jikoni akazunguka nje kumpokea, alikaa mkabala naye. Kengele alisimama kwenye mlango wa korido, akimsihi kimoyomoyo: kajitazame ndevu, Baba Mdogo, leo zimekaa vibaya.

"Mzee yuko wapi?" Baba Mdogo aliuliza.

"Jikoni," Shangazi alisema, akitabasamu. "Amesema chai ya mwanawe ataileta mwenyewe. Anataka uone."

Kengele aligeuka. Babu alikuwa ameshafika katikati ya korido, mkono wa kulia umebeba kikombe juu ya kisahani, chai imejaa mpaka ukingoni, moshi unapanda. Alikuwa amevaa viatu vyake vilivyofungwa kisigino, kama karatasi ya hospitali ilivyoagiza. Uso ulikuwa wa mtu anayekwenda kupokea cheti.

Kengele alifungua kinywa. "Ba..." Kabla hajamaliza, mguu wa Babu ulikanyaga polishi.

Aliuona mguu ukienda zake. Aliona pia kwamba Babu hakubishana nao. Hakurusha mkono, hakudaka ukuta, hakupiga kelele. Goti la kushoto lilikunjika kwanza, nyonga ikafuata, kiganja cha kushoto kikatangulia chini kama mtu anayeweka mtoto kitandani, na mwili wote ukashuka juu yake, mzito, mtulivu, kwa mpangilio, kama turubai linaloteremshwa na mafundi sita. Na wakati kila kitu kikishuka, mkono wa kulia ulibaki juu, umenyooka, ukitembea hewani kivyake. Maji ya chai yaliinama upande mmoja, yakafikiri, yakarudi katikati.

Babu alikuwa ameketi sakafuni. Kikombe kilikuwa mkononi. Kisahani kilikuwa kikavu.

Kengele aliwahi kuona watu wakishangiliwa uwanjani kwa mambo madogo kuliko hili.

Kisha Baba Mdogo akaruka kitini. "Ameanguka! Dada, ameanguka!"

"Simama hapohapo!" Babu alisema, na ilikuwa sauti ambayo zamani iliamrisha vibarua kutoka juu ya maghala. Baba Mdogo alisimama hatua mbili kabla ya kile kipande kinachong'aa. "Usije. Sijaanguka. Nimekaa."

"Baba, nani hukaa koridoni na kikombe cha chai?"

"Mimi."

Babu alijisogeza kwa makalio mpaka penye sakafu kavu, akaweka kikombe chini, akageukia upande, akapiga goti, akashika fremu ya mlango, akainuka bila haraka. Halafu hakuondoka. Alisimama mbele ya kile kipande kama mlingoti, kati yake na viatu vya ngozi vya mwanawe, na hakumruhusu mtu kupita.

"Sasa basi," Baba Mdogo alisema. Kengele aliona kwa mshangao kwamba macho yake yalikuwa na machozi. Hakuwa jeuri. Alikuwa na hofu. "Nilisema mara ya pili. Nimekuona kwa macho yangu. Jumatatu nakuja na gari, Baba. Nisamehe, lakini sitaki kuja kukukuta umelala hapo peke yako."

Shangazi alifunika uso kwa viganja. "Labda ni kweli," alisema taratibu. "Tumejitahidi. Nyumba nzima tumeikagua."

"Mzee, sema basi," Baba Mdogo alisema. "Umeteleza kwa nini?"

Babu alitazama kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa chekundu kote, kuanzia vidole mpaka kifundo. Alikigeuza kidogo, kidogo tu, kiasi cha kuonekana na mtu mmoja aliyesimama kwenye mlango wa korido. Kisha akakikunja ngumi, akakitia mfukoni.

"Juu ya paa," alisema, "msumari mbovu husemwa na aliyeupigilia. Wenzake hawamsemei."

"Unaona?" Baba Mdogo alimnong'oneza dada yake. "Ameanza kuchanganya mambo."

Babu angeweza kuitoa ngumi mfukoni na kuifungua, na nyumba ingebaki yake. Aliiacha mfukoni. Kengele alielewa kwamba mzee huyu alikuwa tayari kupanda gari la Jumatatu na siri yake, na kwamba ule mshuko wa koridoni, pamoja na maajabu yake yote, haukuwa kitu kikubwa kuliko vyote alivyoviona siku ile.

Akapiga hatua moja mbele. Akajikohoza.

"Mimi, Mkaguzi Mkuu wa Usalama, kwa mamlaka niliyopewa na..."

"Kengele," Shangazi alisema. "Si sasa."

"...na kwa kuzingatia..."

"Ongea kama mtu!"

Kengele akaelekeza kidole sakafuni.

"Ni mimi," alisema. "Hapo mbele ya kioo nimepaka polishi. Mara tatu, kama bwenini. Baba Mdogo, nilitaka uanguke wewe, kwa sababu ulimwita Babu yai. Sikujua kwamba unaogopa. Pitisha kidole hapo uone, lakini usikanyage. Babu amekuzuia usikanyage. Alijua tangu alipogusa sakafu, na hakunisema." Makamasi yalianza kumtoka, akafuta pua kwa mkono uliokuwa bado mwekundu kwenye kucha. "Mtu mwingine yeyote humu ndani angevunjika. Mimi ningevunjika. Nipeni adhabu yoyote, lakini msiseme ameanguka. Hajaanguka. Tazameni kikombe, bado kimejaa."

Baba Mdogo aliinama, akapitisha kidole sakafuni, kikatoka chekundu, naye akazitia funguo za gari mfukoni.