Uso wa Ruby Jean

Jumamosi adhuhuri Verlie Tackett alikuwa akikoroga maharage, mkate wa mahindi ukiwa ndani ya oveni, mumewe Orbin alipoingia kutoka mgodini. Akafunua sufuria, akaona maharage hayajaiva, akampiga Verlie ngumi ya jicho la kushoto.

Verlie aliinuka sakafuni akaenda kwenye kioo. Jicho lilimuuma hadi kisogoni, lakini halikuwa na alama. Aliyevimba jicho alikuwa mwimbaji Ruby Jean Stamper, kwenye picha ya jalada la santuri yake.

Kila nyumba bondeni ilikuwa na santuri ile. Ruby Jean alizaliwa ng'ambo ya kilima, binti wa mchimba makaa, na hapakuwa na mtu Kentucky nzima aliyeimba muziki wa kantri kama yeye. Orbin alimpenda kupita kiasi.

"Maskini dada wa watu!" alisema, akaweka kipande cha nyama mbichi juu ya jicho la jalada. "Katili gani huyu?"

"Ni wewe," Verlie alisema.

"Mimi? Hebu jitazame, mzima kama yai!"

Kufika Oktoba, Ruby Jean alikuwa amevunjika pua, amepasuka mdomo na kung'oka jino la mbele. Siku Orbin alipomwekea Verlie bunduki kifuani na kumwambia safari ijayo atafyatua, Verlie alilifunga jalada kwa kitambaa cha vyombo, akashuka mjini kwa miguu, mbavu zikimchoma.

"Mzee Estill, mfunge Orbin," alimwambia mkuu wa polisi. "Ataniua."

Mzee Estill alivaa miwani, akalichunguza jalada pole pole.

"Huyu kapigwa, tena kapigwa vibaya."

"Aliyepigwa ni mimi."

"Wewe, binti yangu, huna hata mkwaruzo. Mwenye kesi ni yeye, na yeye yuko Nashville anakoimba. Aje mwenyewe."

Kwenye rafu nyuma yake palikuwa na jalada kama lile, limegeuzwa uso ukutani. Verlie alilitazama. Mzee Estill naye akamwona akilitazama.

"La mke wangu hilo," alisema, akavua miwani. "Nenda kapike, binti. Mtu wa mgodini hurudi na njaa."

Jioni Orbin alikula akashiba, akaweka upande wa pili wa santuri. Kwa sababu ya lile pengo la jino, sauti ya Ruby Jean ilivuja na kupiga mluzi katikati ya maneno. Orbin alisikiliza wimbo mzima, machozi yakimtiririka hadi kwenye ndevu.

"Nani kamfanyia hivi?" aliuliza.

Akaiondoa santuri taratibu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akairudisha kwenye jalada kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akavua mkanda, akaenda jikoni kumuuliza Verlie.