Kulainisha Buti za Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alisoma utabiri wa hali ya hewa redioni kwa miaka mingi, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Watu walianua nguo kwa sauti yake. Yeye mwenyewe mvua aliijua kwa karatasi tu, na ikimkuta njiani aliitazama kama mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Mtaani tulimwita Hali ya Hewa. Alipostaafu, jina lilihamia naye sebuleni, wakakaa wote wawili kwenye kochi.

Pale kwenye kochi, mgane wa watu, ndipo alipompenda Sista. Sista ni muuguzi mstaafu, maisha yake yote kafunga vidonda vya miguu, na sasa anaongoza kikundi cha wastaafu wanaopanda vilima kila Jumamosi kana kwamba kuna anayewafukuza. Hali ya Hewa akapiga moyo konde, akamtamkia. Sista hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Marehemu mume wangu alifia kwenye kiti," alimwambia. "Sitaki mwingine wa kukaa. Panda nasi mpaka kwenye mnara wa simu kule juu, halafu tuzungumze."

Kesho yake Hali ya Hewa akanunua buti za kupandia milima. Kasha lilikuwa na picha ya mzungu mwenye ndevu amesimama kwenye theluji akicheka peke yake, na chini yake maandishi kwamba buti hizo zinafaa matope, mawe, mchanga, mvua na jua. Alizivaa kutoka chumbani hadi jikoni. Alirudi na lengelenge.

Akanipigia simu niende haraka.

"Shemeji, mguu wako na wangu si saizi moja?"

"Saizi moja, ila wangu umeona mengi."

"Basi nilainishie hizi. Wewe si kazi yako kuzurura tu?"

"Sizururi. Natembea kwa mpango."

"Haya, panga nazo."

Mke wangu, aliyekuja kumletea kaka yake soksi za sufu alizomfumia, akadakia: "Kaka, unajua unampa nani? Kila atakachokuletea huyu kitakuwa kimetiwa chumvi."

"Chumvi nitaipunguza mwenyewe," akasema Hali ya Hewa.

Nikaanza kazi. Nilianzia njia ya kokoto inayopanda kwenye machimbo, na hapo, nisiwe mchoyo wa sifa, buti zilikuwa wafalme. Mawe yaliyozoea kuniangusha yalisogea pembeni yenyewe. Kifundo cha mguu kimeshikwa vizuri, kisigino kimetulia, nikatembea kama mtu mwenye pensheni kubwa.

Kwenye udongo wa mfinyanzi kule mtoni mambo yakawa mengine. Soli ile ina meno, na meno yale yakishauma udongo hayaachii. Kila hatua nikawa naongezeka urefu. Nilipofika kwenye daraja nilikuwa naona juu ya paa la jirani yetu, na huko nikaiona ndoo yake aliyomsingizia mpangaji kuwa ameiba.

Jua la mchana kwenye lami? Mguu unaiva. Nilipozivua barazani, paka wa mtaa mzima walikuja kukaa kwa heshima.

Mvua ndiyo iliyonipa shida kuieleza. Ile ya kwanza haikupenya hata tone. Nilisimama kwenye dimbwi makusudi, watu wanione. Ya pili ilikuwa ya wingi, ikaingilia juu, mlango wa mguu, na hapo ndipo nilipouona ufundi wa waliozishona: maji yaliyoingia hayakupata pa kutokea. Nilirudi nyumbani na mabwawa mawili. Habari za chura siziandiki, maana mke wangu anazikanusha.

Kilichobaki ni jiwe lenye maji. Nilikwenda mpaka kwenye jiwe moja kule mtoni, likang'aa, nikalitazama, likanitazama, nikaona tusisumbuane. Lakini mtu akishasifia kokoto na mvua hawezi kuishia njiani. Nikamwambia shemeji: "Kwenye jiwe lenye maji zinashika kama mjusi ukutani."

Jioni zote hizo nilikaa kwenye kochi la pili, miguu yangu ndani ya beseni la maji moto, huku yeye akimpigia Sista simu kwa sauti yake ya redio.

"Leo nimepita matope ya mtoni, Sista. Tope linanata, ila soli ina meno."

"Eeh, kumbe umekuwa mtu wa njia! Na mawe yenye maji?"

"Kama mjusi ukutani."

Sista alicheka, na Hali ya Hewa akafumba macho kama mtu anayekula asali. Chumvi aliyosema ataipunguza, sikuona akipunguza hata chembe.

Jumamosi ikafika. Mkoba wake nilibeba mimi. Sista akatupanga: "Mwenye buti atangulie." Njia ya kokoto aliimudu, ila nikaona kitu. Mimi natembea nimetupa miguu nje kama bata, na buti zilikuwa zimeshazoea hivyo. Zikamlazimisha. Kwa nyuma ungeapa ni mimi, isipokuwa shati lilikuwa zuri.

Kisha mvua ikanyesha. Aliinua uso akaitazama, amekereka. Tukafika kwenye jabali pana lililolala njiani, maji yanatiririka juu yake, limeota ukungu wa kijani.

"Hapa ndipo wengi wanapogeuzia," akasema Sista. "Haya, bwana mjusi, tuoneshe."

Hali ya Hewa aliniangalia. Mimi nikaangalia mawingu.

Alipiga hatua moja, ikashika. Alipiga ya pili. Ya tatu haikuwa hatua tena. Alishuka mbele yetu wote kwa makalio, taratibu, na sauti yake ya redio haikuyumba: "Samahani, mama. Samahani, mwalimu. Samahani." Kichaka ndicho kilichompokea.

Sista alikuwa wa kwanza kumfikia. Akamvua buti moja na soksi yake: kisigino kimechubuka, chekundu. Akautazama mguu, laini kama wa mtoto mchanga. Kisha akaigeuza buti, akapapasa pembeni ya kidole gumba.

"Hapa pametoka nundu. Wewe mguu wako hauna nundu." Akaitazama soli ilivyolika upande mmoja. "Aliyezivaa hizi ana kifundo cha kidole gumba kimevimba, na anatupa miguu nje."

Watu wote wakaiangalia miguu yangu. Nilijaribu kuikusanya ndani, nikachelewa.

"Matope ya mtoni?" akauliza Sista.

"Yake," akasema Hali ya Hewa.

"Kokoto?"

"Zake."

"Na mjusi?"

"Huyo," nikasaidia, "alikuwa wa makadirio."

Sista hakugomba. Angegomba tungepumua. Alimsafisha kidonda, akamfunga, akamrudishia soksi, akasema, "Shukeni nyinyi wawili, kule chini kuna kibanda." Akawaongoza wenzake kulipanda jabali kwa pembeni, wameshikilia mizizi, bila kugeuka.

Hali ya Hewa alibaki amekaa mvuani. "Nimekwisha, shemeji."

"Tushuke. Nitamwambia ulipata dharura."

"Dharura gani?"

"Hiyo niachie mimi."

"Wewe!" Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Wewe umeshanisaidia vya kutosha!"

Akaivua na ile buti ya pili, akazifunga kamba, akanivisha zote shingoni kama mkufu. Kisha akalikabili jabali kwa soksi zake za sufu. Akashika mizizi, akashika nyasi, mara kwa magoti, mara kwa kidevu. Na soksi zikashika! Kitu ambacho hakuna kasha lililowahi kukichapisha. Mimi nikamfuata na raba zangu kuukuu, buti zikinigonga kifuani kila hatua.

Mnarani tulimkuta Sista ameketi kwenye msingi wa zege, wenzake wamejibanza chini ya turubai. Hali ya Hewa alisimama mbele yake, tope mpaka kwenye nyusi, vidole viwili vimechungulia nje ya soksi. Alifungua mdomo, na sauti ya redio haikutoka. Ilitoka nyingine, ndogo, yenye mikwaruzo.

"Sista, kumbe mvua ni baridi. Miaka yote naitangaza, hakuna aliyeniambia."

Sista akasogea kumpa nafasi. Akamimina chai ya mwisho ya chupa katika kikombe chake mwenyewe, akampa, akamshikia mpaka mikono ilipopata joto.

"Kunywa. Kushuka ni kugumu zaidi."

"Tutazungumza tukifika chini?"

"Sasa tunafanya nini?"

Halafu akanigeukia mimi, niliyesimama naloa na mkufu wangu wa buti.

"Shemeji," akaniita, mbele ya watu wote, "njoo ukae huku, usilowe. Ila mdomo wako uuache hukohuko mvuani."