Kuwalisha Wafiwa

Tangu mume wangu Alphonse afariki mwezi wa pili, sijalia. Watu wa hapa ziwani wananisifu, eti Ramona ana subira. Subira ipi? Humu ndani mwangu hamna kitu. Ukiniambia nimekanyaga kaa la moto, itabidi nitazame chini nihakikishe.

Kwetu mfiwa hagusi malimbuko. Matunda ya kwanza ya msimu, mpunga wa kwanza wa mwitu unaoota ziwani, vyote vinakupita mpaka mtu asiye na msiba akulishe kwa mkono wake. Akishakulisha, umerudi kwa walio hai. Asipokulisha, huchumi, huvuni wala huonji.

Anayetulisha ni Bi Philomene, kikongwe wa ukoo wa dubu. Mwezi wa sita alileta stroberi za porini, nikasema nimeshiba. Mwezi wa nane akaleta bluberi, nikasema tumbo linauma. Odelia, dada yake Alphonse, aliyehamia kwangu tangu mazishi, naye alikataa mara zote mbili. "Yataniendesha hayo," alisema, akacheka.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa nitalishwa na nisisikie lolote, hapo nijue kwa hakika kwamba mume wa miaka thelathini na mmoja nilimzika kama mtu anayemwaga maji ya vyombo.

Wiki iliyopita watu walitia tumbaku majini, sadaka ya desturi kwa ziwa, wakaingia kuvuna. Sisi wawili tulibaki kibarazani tukisikiliza vijiti vikigonga mabua ya mpunga. Miaka yote Alphonse alishika upondo akisukuma mtumbwi, mimi nikagonga punje ziangukie ndani.

"Kaka yangu hakujua kusukuma mtumbwi," Odelia alisema. "Kila mwaka anakupeleka matopeni."

"Alijua sana. Tulikwama siku ulizopanda wewe."

"Mimi mzito? Wifi, sema ukweli, wewe ulimpendea mtumbwi tu."

Nilicheka kwa mdomo, kwa adabu.

Leo mchana Bi Philomene akaja na bakuli la wali wa mpunga mpya, umepikwa na supu ya paa. Akakaa mbele yangu.

"Ramona, fungua mdomo."

"Sina njaa, bibi."

"Nimekuuliza habari za njaa?" Akamgeukia Odelia. "Na wewe?"

"Mimi wali siupendi."

Bi Philomene akalitua bakuli kwa kishindo. "Huupendi! Wewe niliyekuwa nakufukuza jikoni kwangu kwa mwiko ukidokoa wali! Ramona, u kipofu? Huyu kafiwa na kaka yake. Kila nikija anakataa kwa kuwa wewe umekataa, hataki kula akakuacha peke yako. Na ziwa likishaganda, mwaka huu sina tena cha kuwalisha."

Nikamtazama wifi yangu. Gauni lilikuwa linamning'inia mabegani. Miezi saba tunaishi nyumba moja, nami nilikuwa nikimwona kama mgeni aliyekuja kwenye msiba wangu. Alimjua Alphonse kabla yangu, toka hana meno. Niliona aibu, na hata aibu yenyewe ilikuja polepole.

"Odelia, ni kweli?"

"Sasa ningekulaje, wifi? Na wewe umekaa hivyo?"

Nikafungua mdomo. Bi Philomene akanitilia kijiko, nikatafuna. Haukuwa na ladha, si ya moshi wala ya ziwa. Nililoliogopa ndilo hilo lililotokea. Nikameza hivyo hivyo.

"Haya, mlishe wifi yangu," nikasema.

Odelia alikula kijiko cha kwanza, akala cha pili. Cha tatu kilimshinda. Akaangua kilio mdomo umejaa, wali ukimdondoka kidevuni. "Kaka yangu," alisema, "kaka yangu mie."

Mfiwa akishalishwa anaruhusiwa kulisha. Nikachukua kijiko mkononi mwa bibi, nikampangusa Odelia kidevu kwa kiganja, nikachota tena.

"Kula," nilimwambia. "Kula, na ulie, wifi. Lia na fungu langu."