Maharagwe Manne ya Mwongera

Na itangazwe kuanzia Kanyakine hadi Embu, wakubwa kwa wadogo wasikie, kwamba Mwongera wa Kidato cha Tatu aliiangusha Hisabati kwa maharagwe manne tu. Hisabati haikuanguka. Aliyeanguka mtamjua.

Madam Wamuyu alikuwa mtu wa mtaa wa Dallas, kule Embu, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Nchiru aliyetumwa katika shule yetu ya bweni kufanya mazoezi ya kufundisha. Wiki yake ya kwanza Mwongera alimtilia kinyonga katika kisanduku cha chaki, darasa likasubiri mayowe. Madam alimtoa yule mnyama taratibu, akamweka dirishani, kisha akageukia ubao. Kisanduku kina chaki kumi na moja na kinyonga mmoja, je, uwezekano wa mkono kumshika kinyonga ni upi? Bundi, jirani wa Mwongera kwenye dawati, akajibu kwamba ni moja juu ya kumi na mbili. Mwongera akapewa maswali thelathini ya namna hiyo ayamalize Jumapili, wenzake wakicheza mpira.

Hapo kisasi kikazaliwa. Jumanne Madam alileta mfuko wa kitambaa wenye maharagwe ishirini ya ukubwa mmoja, meusi kumi na meupe kumi, akauacha mezani wakati wa chai. Mwongera akajipenyeza, akatoa meusi manne, akatia meupe manne aliyoyachopoa jikoni.

Kengele ilipolia, Madam aliingia akifuatana na mzee mmoja aliyebeba faili. Alikuwa Daktari Kinoti, mhadhiri wake, amekuja kumpima. Bundi akanong'ona kwamba Madam akianguka leo atarudia muhula mzima. Mwongera akanyoosha shingo kuutafuta mfuko mezani. Lakini mfuko ulikuwa tayari mkononi mwa Madam.

Kila mvulana alichomoa haragwe moja, akataja rangi yake, akalirudisha, mfuko ukatikiswa, zamu kwa zamu mpaka mara mia. Madam alikuwa ametabiri ubaoni kwamba meusi yatakuwa karibu hamsini. Yakatoka ishirini na tisa. Daktari Kinoti akaandika kitu kirefu.

Mwalimu mwingine angeyamwaga maharagwe mezani ayahesabu. Madam Wamuyu hakuugusa mfuko. Aliitazama ile ishirini na tisa kama mkulima anavyomtazama ng'ombe aliyekataa majani.

"Mfuko ukiwa nusu kwa nusu," akasema, "meusi huchezacheza kati ya arobaini na sitini. Ishirini na tisa ni mbali mno, bahati haina miguu mirefu hivyo. Kwa hivyo mfuko wangu umebadilika. Wacha wenyewe utuambie una nini."

Akawapigisha hesabu. Ishirini na tisa juu ya mia, mara ishirini, ikaja tano nukta nane. Akawaonya wasiiamini sana hiyo nukta, kwa kuwa kuchomoa mara mia hakusemi kila kitu. Meusi yanaweza kuwa manne, yanaweza kuwa manane, wala mtu mwaminifu hawezi kusema zaidi ya hapo.

Mwongera alisahau kisasi. Hakuwa amewahi kuona mtu akichungulia, kwa chaki peke yake, ndani ya kitambaa kilichofungwa. Kalamu ya Daktari Kinoti nayo ilikuwa imesimama. Kwa tamaa ya kumsaidia Madam amalize vizuri, Mwongera akainuka bila hata kunyoosha mkono.

"Ni sita, Madam. Sita barabara."

Bundi akafunika uso kwa kitabu.

"Mimi nimesoma miaka minne chuoni na nimefika kati ya nne na nane," akasema Madam polepole. "Wewe hiyo sita umeitoa wapi?"

Angeweza kusema amebahatisha. Lakini nyuma ya darasa kalamu ilikuwa imeinuka tena, na Mwongera aliona vizuri itakachoandika: mwalimu huyu hawezi kuhesabu hata maharagwe yake mwenyewe.

"Sikuhesabu, Madam. Nilijua," akasema, akitoa mkono mfukoni mwa kaptura. Maharagwe manne meusi yalikuwa yamelowa jasho kiganjani. "Niliyabadilisha wakati wa chai. Daktari, Madam alileta kumi na kumi. Tafadhali andika hivyo."