Tupa na Bangili

Bangili ile nilimvisha mimi mwenyewe. Ni ya shaba, mama yangu Carlota alivuka nayo Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji. Siku Odete alipoolewa na mwanangu Adelino, nilimpaka sabuni mkononi nikaisukuma mpaka ikapita. Haikutoka tena. "Umeshanifunga, mama," alisema, tukacheka.

Msimu huu tulikwenda wawili kuvuna mpunga kule mdomoni mwa mto. Hemedi mwenye mtumbwi alitushusha asubuhi akaondoka. Maji yakishatoka pale linabaki tope la kiunoni, huwezi kuingia wala kutoka mpaka yajae tena alasiri.

Maji yalikuwa yameshatoka Odete alipoinua mganda wa mpunga. Nyoka, kifutu, alikuwa amelala chini yake, mfupi, mnene. Akamuuma mkono wa kulia, ule wa bangili.

Nilichana kanga nikamfunga chini ya kiwiko, nikakaza kwa meno. Ndivyo tulivyolelewa, ukiumwa na nyoka unafungwa. Nikampandisha dunguni, kile kichanja cha kulindia ndege, nikampigia simu Magreth, jirani yetu muuguzi, yuko kazini Mtawanya, nikamweleza.

"Bibi, fungua hicho kitambaa."

"Nifungue, sumu ikimbilie moyoni?"

"Fungua, taratibu. Na bangili itoe kabla hajavimba."

"Ameshavimba."

 Magreth akasema polepole, kama anavyosema na wagonjwa wake. "Sumu ya kifutu ina protini, bibi. Zinakula nyama, halafu zinawashtua askari wa mwili, wale wa kwenye damu. Askari wakishtuka wanamwaga kemikali za kuitana. Hizo kemikali zinafanya mishipa ivuje maji, ndiyo uvimbe huo unaouona. Sasa wewe umefunga juu, na bangili imebana chini. Vyote vimekwama humo ndani, na damu haipiti. Mkono utakufa."

"Hao askari si wa kwetu wenyewe?"

"Wa kwetu."

"Mbona wanatubomolea nyumba?"

"Wametishika, bibi. Fungua."

Nilifungua. Odete alipiga kelele. Bangili sasa ilikuwa imezama, nyama imeifunika pande zote, vidole vimekuwa vya zambarau. Sabuni haikusaidia kitu. Nilitazama huku na huku juu ya dungu lile: sufuria, kijiko, chumvi, mapanga mawili. Na tupa ya kunolea panga.

"Mama, utanikata!"

"Tulia. Nakata shaba."

Nilipenyeza mpini wa kijiko kati ya bangili na ngozi, nikaanza kusugua. Shaba ilipata moto, nikaimwagia maji, nikasugua tena. Kila nikipumzika nilichora mstari kwa mkaa pale uvimbe ulipofika, kama alivyoniagiza Magreth. Mstari wa kwanza kwenye kifundo. Wa tatu karibu na kiwiko. Nilitazama mtoni, tope tupu, kaa wanatembea juu yake.

"Nani huko Likombe atasukwa na msusi wa mkono mmoja?" Odete aliuliza, maana riziki yake ni kusuka nywele. Machozi yanamtoka.

"Usiongee. Usitikise mkono."

"Nikimaliza kusuka kichwa kimoja, wenzangu wameshasuka sita."

"Odete, kaa kimya nisugue."

Sijui nilisugua muda gani. Ngozi ya kidole changu ilitoka, sikuisikia. Mwisho tupa ikagonga kijiko. Niliingiza ncha ya panga kwenye ule ufa, nikapanua kwa nguvu zangu zote, bangili ikaachia. Alama yake ilibaki imechimbika nyeupe. Tukaitazama alama ile mpaka kidogo kidogo ikaanza kuwa nyekundu.

Mtumbwi ulipofika, mstari wa mkaa ulikuwa umepita kiwiko. Hemedi alimbeba.

Hospitali walimtundikia dawa ya sumu ya nyoka. Alilala siku kumi na moja. Mkono ameubakiza, ila kidole kidogo hakikunjiki, na kusuka kwake sasa ni kwa polepole.

Ile bangili niliificha sandukuni, naona haya. Juzi akaiulizia.

"Ya nini tena? Imekatika."

"Lete, mama."

Akaipachika mkononi kupitia ule mwanya, akaichomoa, akaipachika tena.

"Hii sasa naivaa," alisema. "Inatoka."